Magunia ya Nasimiyu

Wewe umewahi kulipia ufagio miezi minne usiuone hata mpini? Katika soko la Kibuyuni, Bwana Mwandoe, mkubwa wa askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, alichukua ushuru wa usafi kila asubuhi, na lundo la taka nyuma ya kibanda cha Nasimiyu likazidi kufukuza wateja wa chapati zake.

"Bosi, taka zitaondoka lini?"

"Lori halina dizeli, mama. Vumilia."

Jumatatu Mwandoe alimkuta amepanga magunia arobaini mbele ya kibanda, yameshonwa midomo vizuri.

"Ushuru wa mzigo uko wapi?"

"Silipi ng'o!"

"Nitayachukua yote!"

"Na lori huna? Utayabebea kwenye kitambi?"

Soko zima likaangua kicheko. Mwandoe akapiga simu, na nusu saa haikuisha lori likafika. Askari wakapakia magunia yote huku Nasimiyu akipiga mayowe, "Aki mnaniua! Jasho langu!"

"Njoo uyakomboe ofisini."

Hakwenda. Siku ya tatu harufu ilimtoa Mwandoe mezani, akaamuru gunia moja lifunguliwe. Yakamwagika maganda ya ndizi na vichwa vya samaki.

Akaja sokoni mbio. Nyuma ya kibanda, palipokuwa na lundo, wateja walikuwa wameketi wakila chapati.

"Nasimiyu! Umeniletea taka ofisini!"

"Si umebeba mwenyewe, bosi? Kumbe dizeli ipo. Basi ushuru tutalipa, na kila Jumatatu saa mbili tunataka lori lile lile hapa, bila sisi kukutukana kwanza!"