Nusu ya Ngiri

Nina kisa, nikimwage?

Kimwage, tukiokote.

Hapo kale, tena kale sana, Kanga na Ngiri walisimama mlangoni pa ghala wakigombana.

"Hii si nusu," alisema Kanga.

"Ni nusu, shangazi. Mimi nimesoma. Wewe umesoma wapi?"

"Sikusoma. Ila kula ninajua."

Wanyama walikuwa wamelima shamba moja la mtama, na sheria yao ilikuwa hii: aliyelima msimu mzima alipewa kasha moja lililojaa pomoni, kasha la dhiraa moja kwa urefu, dhiraa moja kwa upana, dhiraa moja kwa kimo. Aliyelima nusu ya msimu alipewa nusu ya kasha. Kanga alilima nusu, kisha akaenda kuatamia. Sasa alikuwa na vifaranga kumi, na mvua ilikuwa bado siku arobaini. Nusu ya kasha ingewafikisha.

Lakini Ngiri, mtunza ghala, alikuwa amechonga kasha dogo.

"Pima mwenyewe," alisema, mkia umesimama wima kwa majivuno. "Urefu nusu dhiraa. Upana nusu dhiraa. Kimo nusu dhiraa. Hizo nusu tatu, na wewe unadai moja tu. Ungenishukuru."

Kanga aliutazama ule mtama. Ulikuwa wa siku kumi.

Akaenda kwa Nyumbu. Nyumbu akapima upande mmoja, akasema, "Nusu."

Akaenda kwa Kiboko. Kiboko akapima upande mmoja, akapiga miayo, akasema, "Nusu."

Akaenda kwa Nyati, mkubwa wao wote. Nyati hakupima kabisa. "Wawili wamesema nusu," alisema. "Nani anataka kusumbuliwa mara ya tatu?"

Kanga akarudi kwake.

"Mama," waliuliza vifaranga, "nusu ndiyo ndogo hivi?"

Kanga hakulia. Kwa ukucha alichora mchangani kitako cha kasha kubwa, akapanga humo makasha madogo. Hayakuenea mawili, yalienea manne. Na juu yake palibaki nafasi ya manne mengine. Akafuta mchoro.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Ngiri kupokea ujira wake, makasha mawili mazima. Wanyama wote walikuwepo.

"Ngiri, msomi wetu," alisema Kanga kwa upole, "kasha moja si ni nusu mbili?"

"Ndivyo."

"Na makasha mawili si ni nusu nne?"

"Ndivyo. Naona umeanza kuelimika."

"Basi Ngiri apimiwe nusu nne, kwa lile kasha alilochonga mwenyewe."

"Sawa," alisema Nyati. "Nusu ni nusu."

Mkia wa Ngiri ukalegea. "Ngojeni. Manne hayajazi hata kasha kubwa moja."

"Yanalijaza mangapi?"

"Manane. Manne chini, manne juu." Neno lilikwisha kumtoka.

"Kumbe ulinipa moja ya nane," alisema Kanga, "ukaiita nusu."

Nyati akakohoa, akasema yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Nyumbu naye alilijua. Kiboko alikuwa amelala, lakini alipoamka naye alilijua.

Kanga akaongezwa makasha madogo matatu, akapewa na ufunguo wa ghala. Ngiri akapewa manne yake, kama alivyokubali kwa kinywa chake. Kwa tumbo lile, hayakumaliza wiki. Akawa anapiga magoti mlangoni pa ghala, akiokota punje zilizodondoka. Mpaka leo Ngiri hula kwa magoti.

Funzo ni hili: usipime upande mmoja ukadhani umepima kitu kizima, na usimchongee mwenzio kipimo ambacho wewe hutaki kupimiwa.

Kisa nimekimwaga, mwenye kapu aokote. Limebaki neno moja tu, alilolisema Kanga pale mlangoni, siku Ngiri alipomsihi ampe japo nusu ya kasha:

"Unataka nusu yangu, mjomba, au nusu yako?"