Alama Nyekundu kwenye Stata

Kiliacho kina dawa, ogopa kinyamazacho. Mmeyasikia maneno haya jana pale kwa fundi baiskeli, mkacheka mkidhani anawatania, na sasa mmekuja kuniuliza mimi yametoka wapi. Mmefanya vizuri kuuliza. Siku hizi watu huyasema juu ya mtoto mwenye homa, wengine huyasema juu ya mke na mume waliogombana, lakini hayakuanzia huko. Yalianzia kwenye pikapu mbovu, hapa hapa milimani kwetu juu ya Soni, na mambo yalikwenda namna hii.

Palikuwa na kijana dereva aliyeitwa Sufiani. Baba yake alipofariki alimwachia vitu viwili: pikapu ya kijani iliyozeeka, na tabia ya kutomwamini fundi yeyote. Marehemu aliwahi kuliacha gari lake asubuhi kwa fundi mmoja wa mjini, akalichukua jioni likiwa na kabureta ya gari jingine. Tangu siku hiyo akawa anamwambia mwanawe kwamba mtu mwenye spana mkononi hapewi kisogo. Sufiani aliyashika maneno hayo kuliko alivyoshika Kurani aliyofundishwa chuoni.

Akina mama wa kijiji waliolima kabichi na karoti walikuwa wamempa Sufiani kazi ya kushusha mizigo yao Mombo kila siku ya soko. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha yeye, mama yake na dada yake. Lakini pikapu ilianza kulia. Kwanza ililia kwenye kona, baadaye kwenye mwinuko, mwisho ikawa inalia tangu inapotoka uani mpaka inaporudi, mlio mrefu kama wa mtu anayeumwa jino. Siku moja ilishindwa kupanda, ikalala njiani na mzigo wa watu. Akina mama wakakutana, wakamwambia kwa upole kwamba msimu mkubwa ukianza, asiye na gari la kutegemewa hatapewa mzigo. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu.

Hapo kijijini alikuwepo fundi mmoja, Mzee Mahimbo, mtu wa maneno mengi na mikono myeusi. Sufiani alimpelekea pikapu kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuipeleka. Mzee Mahimbo akaingia chini ya gari, akatoka, akaanza kuhesabu maradhi. Difu, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma, imekwisha na ndiyo inayolia, breki za nyuma zimelika, klachi inateleza, stata ya kuwashia injini imechoka. Kila alipotaja kimoja alikumbuka kingine. Akasema akipewa wiki tatu ataifufua, nayo itapanda na kushuka milima hii miaka mingine kumi.

Sufiani alimsikiliza huku moyo ukimwambia, huyu ananila. Mbona gari lililokuwa na ugonjwa mmoja asubuhi sasa lina manne? Mganga anayepata chakula chake kwa wagonjwa hawezi kufurahi mtu akipona. Akajisemea kimoyomoyo, kikulacho ki nguoni mwako. Alimwomba fundi amzibie-zibie breki tu kwanza, mengine atafikiri. Usiku ule akachukua rangi ya kucha ya dada yake, nyekundu, na kabla ya kuirudisha pikapu gereji asubuhi akatia kidoa kimoja kwenye stata, kimoja kwenye kabureta na kimoja kwenye betri, mahali ambapo mtu asiyejua hawezi kutazama.

Kila jioni alipita gereji kwa kisingizio cha salamu. Shikamoo mzee, marahaba, za kazi, nzuri. Kisha, fundi akigeuka, Sufiani huinama upesi kutafuta vidoa vyake. Vilikuwepo vyote. Mtu mwingine angetulia, lakini mwenye shaka hashibi. Akaanza kufikiri kwamba mwizi mjanja haibi wiki ya kwanza.

Katika siku hizo hizo akakutana Mombo na Bwana Mgunya, muuza magari, mtu nadhifu wa kanzu na kofia ya viua. Alikuwa na pikapu nyeupe, mpya kwa macho, na akataka kuibadilisha kwa ile ya kijani pamoja na nyongeza ya fedha ambayo nauli za msimu wa kabichi zingeweza kuilipa. Alimpandisha Sufiani wakaenda nayo barabara kuu, tambarare, mpaka Mazinde na kurudi. Gari lilikwenda kimya. Sufiani aliinamisha kichwa kusikiliza na hakusikia chochote ila upepo dirishani. Alipouliza lina matatizo gani, Bwana Mgunya alicheka akasema halina hata moja. Sufiani alirudi tena mara mbili, na mara zote walikwenda Mazinde, asubuhi, kilomita chache, kisha wakarudi kunywa chai. Siku alipotaja kupanda nalo mlima, Bwana Mgunya aliinamisha uso kwa huzuni, akauliza kama kijana anamwona yeye mwongo. Sufiani akaona haya, akaacha. Ndiyo ajabu ya Sufiani: aliyemweleza ubovu wote alimshuku, na aliyemwambia hakuna ubovu alimwonea haya.

Alipompasha Mzee Mahimbo habari, fundi aliweka spana chini.

"Halilii kabisa?" akauliza.

"Kabisa, mzee."

"Gari la umri ule lisilolia hata kidogo, mimi naliogopa. Hili lako linalia, nimejua linapouma, nitalitibu. Kiliacho kina dawa."

Sufiani aliyasikia hayo akayatafsiri alivyotaka. Alisikia wivu wa fundi anayeona mteja wake akiondoka. Siku ya pili akalichukua gari lake kutoka gereji, difu ikiwa bado inalia vilevile, akakagua vidoa vyake vitatu kabla hajalipa. Wakakubaliana na Bwana Mgunya kwamba Ijumaa, baada ya sala, watabadilishana funguo. Na mkishabadilishana funguo mbele ya mashahidi, hakuna kurudishiana.

Sasa, kwa watu wetu kuna desturi. Chombo kitakacholisha nyumba lazima nyumba ikione na kukiombea kabla hakijaitwa cha nyumba. Ng'ombe huletwa uani, cherehani huletwa ukumbini, hata jembe. Ijumaa ile mama yake Sufiani alishuka Mombo naye, amevaa kanga mpya, akatangaza kwamba amekwisha kupika wali na kuwaalika majirani, kwa hiyo gari lipande kwanza kijijini lisomewe dua, funguo zitabadilishwa huko huko. Kama na yeye alikuwa na shaka yake, hakuna aliyejua. Mpaka anazikwa alishikilia kwamba alitaka dua tu.

Bwana Mgunya alisema dua inaweza kusomwa hapo hapo, Mungu yuko kila mahali.

"Yuko kila mahali, mwanangu," mama akajibu, "lakini baba yake Sufiani amezikwa kule juu."

Mtu gani atakataa hapo? Wakaiacha pikapu ya kijani Mombo, wakaingia watatu katika nyeupe, Bwana Mgunya akishika usukani. Kona za mwanzo gari lilipanda kimya, na Sufiani akamtazama mama yake kama anayesema, umeona? Walipokaribia maporomoko ya maji ya Soni, mlio mwembamba ukaanza chini yao, mdogo kama wa mbu. Bwana Mgunya akaongeza sauti ya kaseti. Mlio ukanenepa. Akaongeza tena, akaanza kusimulia habari za harusi ya binamu yake bila kuulizwa. Kisha ikaja harufu, na mama akauliza nani anachoma ndizi barabarani.

Hapakuwa na mtu barabarani. Shaka ya Sufiani, iliyokuwa imelala siku zote kwa Bwana Mgunya, ikaamka ikakaa wima. Alimtazama mikono, akaona inavyoubana usukani. Alimtazama shingo, akaona jasho, na huku milimani ni baridi. Sufiani aliogopa, nami simlaumu, kwa maana alikuwa akiiona kazi yake na kabichi za msimu mzima zikiondoka mbele ya macho yake. Walipoingia kijijini gari lilikuwa likinguruma mpaka majirani wakatoka nje kabla ya kuitwa.

Mama hakubabaika. Akasema dua kwanza. Mzee Mahimbo, aliyekuwa mkubwa kwa umri kati ya wanaume waliokuja, alinawa mikono akaisoma, na Bwana Mgunya akanyanyua viganja akaitikia amina pamoja na wengine. Viganja viliposhuka, fundi akamgeukia taratibu, akamwomba ruhusa ya kufungua nati moja tu chini ya difu.

"Mzee, unanishuku?" Bwana Mgunya akasema.

"Mimi sijasema neno. Gari ndilo lililosema, nasi sote tumesikia."

Ikaletwa spana na karai. Nati ilipotoka, oili haikumwagika. Ilidondoka mabonge mabonge, nyeusi, na ndani yake mlikuwa na vumbi la mbao na maganda ya ndizi yaliyopondwa. Uongo huo ni wa zamani. Difu iliyokwisha ukiishindilia maganda na vumbi la mbao hunyamaza, na itanyamaza kwenye tambarare asubuhi ya baridi. Ikipata moto wa mlima, maganda huungua na ukweli hutoka. Kuku wa mama wakaja kudonoa karai, wakaona si chakula, wakaondoka.

Niwaambie jambo la aibu. Hata hapo, kwa nukta moja, Sufiani alifikiri, labda fundi ndiye aliyeyatia sasa hivi alipokuwa ameinama. Lakini mikononi mwa mzee hamkuwa na kitu ila spana, na kijiji kizima kilikuwa kimemzunguka.

Bwana Mgunya alisema na yeye aliuziwa hivyo hivyo, mbuzi kwenye gunia. Pengine ni kweli. Mzee Mahimbo akamrudishia oili yake yote ndani ya difu, pamoja na maganda yake, maana haikuwa mali ya mtu mwingine. Sufiani alishuka na Bwana Mgunya kwenda kuifuata pikapu ya kijani, na gari lile jeupe lililia njia nzima hadi Mombo bila yeyote kuwasha kaseti. Alipopanda tena peke yake, ile ya kijani ikimlilia masikioni, alijikuta anausikiliza ule mlio kwa mapenzi. Aliipeleka moja kwa moja gereji.

Kazi ilikwenda siku na usiku, kwa maana wiki zilikuwa hazitoshi. Difu ilifunguliwa na kupatiwa meno mapya, klachi ikabadilishwa, breki zikavishwa upya. Siku mbili kabla ya msimu, pikapu ilipanda kona zote na mzigo wa mawe, na sauti pekee iliyosikika ilikuwa ya injini inayojua kazi yake. Akina mama wakampa Sufiani mizigo yao. Ningeweza kuishia hapo, lakini methali ingekuwa nusu.

Jioni ya siku ile ya majaribio, alipokwenda kuichukua pikapu kwa mara ya mwisho, Sufiani aliinama tena kutazama stata. Mazoea yana taabu. Kidoa kilikuwepo, chekundu, lakini kilikuwa kinang'aa. Kile alichokitia yeye kilikuwa kimefifia siku nyingi. Akafikiri, nimemkamata, stata si yangu hii. Aliponyanyua kichwa, Mzee Mahimbo alikuwa amesimama nyuma yake anafuta mikono kwa kitambaa.

"Stata ni yako," akasema. "Niliiosha kwa petroli, alama yako ikatoka. Nikaazima rangi ya kucha kwa binti yangu, nikaitia upya. Nilijua utakuja kuitafuta."

Sufiani alikosa pa kuweka uso.

"Tangu lini unajua, mzee?"

"Tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja useme. Ungeniuliza, ningekaa nawe nikakuonyesha kila nati ninayoifungua, na shaka yako ingepona siku hiyo hiyo. Gari lako lililia, nikalitibu. Lile jeupe lilinyamaza, nusura likumalize. Lakini mwezi mzima huu, kijana wangu, aliyeniogopesha mimi ni wewe."

Sufiani alilia, nasema wazi kwa kuwa halikuwa jambo la kufichwa. Alimwambia fundi yote, habari ya kabureta ya baba yake, vidoa, hata ile nukta ya Ijumaa mbele ya karai. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, yeye ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi. Kisha akachukua kitambaa chake, akakichovya kwenye petroli, akampa.

Sufiani akaingia chini ya boneti akafuta kidoa cha kwanza, cha pili na cha tatu.

Basi mkiumwa, semeni. Mkimshuku mtu, mwendeeni mumwambie. Kiliacho kina dawa, ogopa kinyamazacho.