Chui Alipomwimbia Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na majiko kama sisi, digidigi mmoja aliyeitwa Mama Chausiku alitoka kuchuma mchicha. Mwanawe alimwacha ndani, amelala.

Kap! Chui alimkamata njiani, akambeba mpaka jikoni kwake. Akambana chini kwa mguu mmoja, akisubiri maji yachemke.

Maziwa yalimjaa Mama Chausiku hadi yakamuuma. "Sasa ameamka," aliwaza. "Ananitafuta."

Akasema, "Shemeji Chui, utanila hivihivi?"

"Ulitaka nikupambe?"

"Weka sikio kifuani kwangu kwanza."

Chui akainama. Du-du-du-du-du!

"Lo! Una ngoma humo?"

"Ni hofu, shemeji. Moyo unasukuma damu mbio, na nguvu yote niliyoiweka akiba mwilini inakimbilia miguuni. Misuli imekaza kama kamba. Utatafuna mpaka meno yang'oke."

"Basi tulia!" Chui alinguruma.

Du-du-du-du-du!

"Ndiyo umezidisha! Niimbie taratibu, kama anavyoimbiwa mtoto. Na ujilaze hapa kando, usinisimamie."

"Mimi? Niimbe?"

"Au unapenda kutafuna kamba?"

Chui akajilaza, mguu wake bado uko juu ya digidigi. Akakohoa, akaanza: "Lala, mtoto, lala... mama yuko karibu..."

Sauti ilikwaruza kama sufuria inayoburutwa sakafuni, lakini maneno yale yalimchoma Mama Chausiku. Mama hayuko karibu! Alimwona mwanawe mawazoni, akinyonya pindo la kanga kwa njaa. Ah, laiti angempata, hata amnuse tu! Moyo wake haukutulia hata kidogo. Kila Chui alipotaja mtoto, ulizidi mbio.

Wa Chui ndio uliotulia. Du... du... Pumzi zikawa ndefu, kope zikawa nzito, na ule mguu ukalegea.

"Lala, mto... khrrr!"

Fyuu! Mama Chausiku akachomoka. Chui akazinduka, akanyanyuka, puu! Akaangukia pua. Miguu yake ilikuwa bado imelala.

"We shemeji! Mbona hujatulia?"

"Nitatulia nikifika kwangu!"

Alipofungua mlango, alimkuta Chausiku amekaa sakafuni, sauti imemkauka kwa kulia. Akampakata, akamnyonyesha, mpaka kwikwi zikaisha.

Basi wanangu, moyo ukiwadunda kwa hofu msiuchukie: unawaandalia miguu ya kukimbilia.