Ndovu na Mbu wa Mchana

Hapo zamani za kale, babu zenu hawajaota meno, kiangazi kilikausha pori zima kikabakiza kisima kimoja. Ndovu akakikalia, akapiga marufuku wanyama wadogo kunywa. Digidigi na Panya wakawa wanalamba umande.

Bi Mbu, mwenye miguu ya mistari myeupe, akamwendea Ndovu sikioni. Nziii.

"Shikamoo, mzee. Tuachie kisima, ama nitakulaza chini."

Ndovu akacheka mpaka maji yakatikisika. "Wewe? Kwa ngumi au kwa teke?"

"Kwa mdomo. Nakuja usiku. Jiandae."

Bi Mbu alijua anachofanya. Nusu mwezi nyuma alimnyonya Tumbili mwenye homa, na ugonjwa ule sasa alikuwa nao mateni.

Usiku Ndovu akatundika chandarua kipana kama shamba, akakesha macho kodo. Mbu hakuja. Kulipokucha akatoka, akajinyoosha. "Kaogopa huyo." Akajibwaga kivulini, khorrr. Ndipo Bi Mbu akatua, jua likiwaka, akamdunga nyuma ya sikio. Chwi.

Siku ya tano, watoto wangu, pori likashuhudia mlima ukianguka. Puu! Homa ilimpanda ghafla, macho yakamuuma kwa nyuma, viungo kama vinatwangwa, vipele mpaka kwenye mkonga. Wanyama wakaduwaa.

Mganga Nungunungu akafika na sindano zake mgongoni.

"Ni malaria," akagumia Ndovu. "Nipe dawa."

Nungunungu akatoa tone la damu, akapima. "Malaria haimo. Mbu alikuuma usiku?"

"Usiku nilikuwa ndani ya chandarua."

"Na mchana?"

Ndovu akajikuna nyuma ya sikio.

Nungunungu akapima tena. "Hii ni dengi, homa ya mbu aumaye mchana. Dawa ya kuiua haipo. Aspirini usiiguse, utavuja damu. Pumzika, unywe maji mengi."

"Maji si yale pale." Ndovu akajaribu kuinuka, magoti yakakataa. Hatua kumi tu, zikawa safari ya mwezi. Nyati na Kifaru walishatimua mbio, wakidhani homa ile huambukizwa kwa pumzi. Waliobaki ni Digidigi na Panya, midomo imewapasuka kwa kiu.

"Wanangu," akasema kwa sauti nyembamba, "nichoteeni."

"Tumekatazwa kisima, mzee," akajibu Panya.

"Nimekifungua. Kwa wote, daima."

Wakashuka kisimani. Wakanywa wao kwanza, taratibu, Ndovu akiwatazama, kisha wakamletea.

Basi jueni: ugonjwa hauogopi kimo, na mkubwa anayewanyima wadogo hajui ni lini atalala chini akiwangoja.