Nundu ya Golbahar

Gogo haliishi kwa pigo moja. Anayelibandua huchukua kibanzi leo, kingine kesho, na kila mara hujiambia kwamba gogo bado ni kubwa, mpaka siku anapotafuta pa kukalia asipaone. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo bandu bandu huisha gogo. Wahenga walioitunga walikuwa wakiwaza kuni. Laiti wangefika Tehran, wangewaza pua.

Golbahar binti Soheila alikuwa na vitu viwili vilivyomtangulia kila alikokwenda: pua yenye nundu na pumzi isiyokwisha. Pua ilitoka kwa ukoo wa baba yake, pumzi ilitoka kwa Mungu. Kwa pumzi hiyo aliongoza chama cha wanawake wapanda milima. Kila kiangazi yeye ndiye aliyeshika kamba ya mbele kuelekea kilele cha Damavand, na hakuna cheo duniani alichokipenda kuliko hicho. Ungemwambia achague kati ya kamba ile na kiti cha waziri, angekuuliza waziri hupanda mlima gani.

Lakini msichana wa Tehran mwenye nundu ni kama mgeni aliyekuja arusini na viatu vya shamba. Golbahar akaenda kwa Daktari Kiarash, nundu ikaondolewa, naye akatembea mjini na plasta usoni, kichwa juu. Hata siku ya kuibandua ilipofika, aliiacha wiki mbili zaidi, kama askari asiyetaka kuvua nishani.

"Vumilia mwaka mzima," daktari alimwonya. "Uvimbe huo ushuke kwanza ndipo uione pua yako."

Mwaka wa daktari haukuisha. Nowruz, sikukuu ya mwaka mpya wa Waajemi, ikafika, jamaa wakaanza kutembeleana, na sebule ya Soheila ikajaa pistachio, chai na ndimi. Niki, binti wa mama mdogo, ambaye pua yake ilikuwa ndogo kiasi cha kutiliwa shaka, alimkagua Golbahar kama mnunuzi wa tikiti.

"Dada, huyo daktari alikukata nusu akaenda kula?"

Sebule ikaangua kicheko.

"Ni uvimbe tu," Golbahar alijitetea.

"Uvimbe! Basi na yangu ilivimba kwa ndani."

Wageni walipoondoka, Soheila alimshika mwanawe kidevu. "Wakikutoa kidogo tu tena, mwanangu, utakuwa kama mdoli. Kidogo tu."

Daktari Kiarash hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyeweza kusema hapana. Alijua kwamba mteja anayekataliwa huvuka barabara na kuingia kwa jirani. Golbahar aliporudi kwake, akakata. Kumbe alichokuwa akikichonga kilikuwa kimevimba, na uvimbe ulipokwenda zake, pua ilibaki kama punje ya dengu. Kovu nalo likaivuta ncha juu, matundu yakatazama mbingu kana kwamba yanaomba mvua. Golbahar akarudi asawazishwe. Daktari akasawazisha kwa njia aliyoizoea: akabandua tena.

Ijumaa moja alipanda na wenzake njia ya mlima Tochal kujifua. Mwinuko ulipokaza, akavuta hewa kwa nguvu, na kuta za pua zikagandana kama pazia lililolowa. Akajaribu tena. Zikafunga. Akaketi juu ya jiwe, uso umempauka, huku bibi mmoja mwenye fimbo na chupa ya chai akimpita na kumpa pole.

Taraneh, msaidizi wake, aliinama mbele yake. "Kamba nipe mimi, Golbahar. Utamvutaje mtu na hewa yenyewe huwezi kuivuta?"

Golbahar aliitoa kamba ile kama mtu anayetoa ufunguo wa nyumba yake.

Mwezi uliofuata ikaja posa. Golbahar aliingia na sinia la chai, ushungi umekaa sawa, mwendo wa twiga. Alipoinama kumkaribisha mama wa kijana, pua yake ikapiga mluzi mwembamba na mrefu.

"Jamani, izimeni hiyo samawari," mama yule alisema. "Itakauka maji."

Soheila alikaribia kuinuka. Golbahar akanyoosha mgongo.

"Samawari imezimwa zamani, mama. Hiyo ni pua yangu."

Kijana alipaliwa na chai. Waliaga wakiahidi kupiga simu, na simu hiyo mpaka leo iko njiani.

Jikoni, Soheila alilia juu ya vikombe. "Mrudie Kiarash. Akutoe kidogo tu pale panapolia."

"Atoe nini, mama? Mmenibandua mpaka nimebaki ngozi. Sasa naenda kutia, sitoi tena!"

Alikwenda kwa Daktari Mehrangiz, mwanamke aliyekuwa akirekebisha pua zilizoharibiwa na wengine. Daktari alimulika ndani, akatikisa kichwa.

"Pua ni hema, binti yangu. Ngozi ndiyo turubai, gegedu ndiyo nguzo. Wameng'oa nguzo wakitafuta urembo wa turubai. Ukivuta hewa, hema linaanguka. Itabidi nichukue gegedu ya ubavuni kwako, nisimamishe upya. Nitajitahidi iwe ndogo na ya kupendeza."

"Niwekee nundu."

Daktari alivua miwani. "Wote wanaoingia hapa huniomba niitoe."

"Ndiyo maana wanarudi. Wewe niwekee."

Kiangazi kilichofuata, Niki alimkuta Golbahar mlangoni akifunga viatu vya mlima. Akaitazama pua ile mpya, iliyopinda kidogo na yenye nundu isiyoomba radhi.

"Makubwa haya! Dada, umezunguka kote huko ukarudi ulipoanzia?"

"Afadhali ingekuwa nimerudi. Ile ya kwanza nilipewa bure." Golbahar aliushika mkono wa Niki na kuukandamiza ubavuni pake, juu ya kovu. "Hii pua ilitoka hapa. Ilipokwisha ya usoni, nikaanza kujila mbavu."

Niki aliurudisha mkono haraka. "Mimi keshokutwa nina miadi na Kiarash. Lakini mimi ni kidogo tu."

"Hata mimi ilikuwa kidogo tu. Mara tatu."

Nje, Taraneh alipiga honi. Alikuwa ameshikilia kamba nje ya dirisha la gari, akiinyoosha kwa mwenyewe. Golbahar alivuta pumzi ndefu, ya kimya, ikashuka hadi kifuani bila kubisha hodi, akaenda kuichukua kamba yake. Niki alibaki mlangoni akijipapasa pua. Aende kwa Kiarash, asiende, hiyo ni shauri yake. Hukumu imekwisha tolewa wala haina rufaa: bandu bandu huisha gogo.