Nungunungu na Gogo Moja

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa kule nyuma, mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, hapo sasa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mafundi wao, alikuwepo Nungunungu. Huyu alikuwa fundi wa bonde zima. Meno yake ndiyo msumeno, miiba yake ndiyo kalamu. Alikuwa mpole, lakini mbishi. Mbishi kwelikweli!

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Chemchemi ilibaki moja tu, chini ya korongo. Siku moja ukingo ukaporomoka, porooomo! Njia ya kushukia ikafukiwa. Maji wakawa wanayaona tu, yanang'aa kule chini, na wa kuyafikia hakuna.

Mto ulikuwa mbali, mwendo wa nusu siku. Wenye miguu ya nguvu walikwenda. Bi Paa hakwenda, maana alikuwa amezaa juzi tu, na mtoto hajaweza mwendo. Kila alfajiri Bi Paa alilamba umande majanini ili maziwa yasikauke. Na kila alfajiri umande ulipungua.

Wanyama wakamwendea Nungunungu. "Fundi, tutengenezee kitu cha kutolea maji."

Kando ya korongo palikuwa na gogo moja refu, limeangushwa na upepo. Kwingine kote ni vichaka vya miiba, havifai hata mpini wa jembe.

"Gogo hili hapa," akasema Nyati. "Kata, fundi, kata!"

"Gogo ni moja," akasema Nungunungu. "Nikikosea, sina jingine. Kwanza niambieni mnataka nini."

"Maji!"

"Maji nimesikia. Kiasi gani? Na atakayeyatoa ni nani?"

Nyati akasema yeye anataka ndoo kubwa kama tumbo lake. Ngedere akaruka mbele, chupu! "Hebu nipisheni. Kata kipande kifupi, tia mpini, tuzungushe, kamba ijiviringe, ndoo ipande. Kwisha kazi!"

Wakashangilia. "Kata, fundi, kata!"

Nungunungu naye alipenda kushangiliwa, msimwone vile. Akainama, akaweka meno. Kwaru! Kwaru! Mara akamsikia mtoto wa Bi Paa analia, sauti nyembamba, imekauka. Akainua kichwa.

"Mchana ninyi mnakuwa wapi?"

"Malishoni," akasema Nyati.

"Kwenye matunda," akasema Ngedere.

"Anayebaki hapa ni nani?"

Bi Paa akasema taratibu, "Mimi, fundi. Mimi na Kobe."

Nungunungu akaokota fimbo, akamnyooshea. "Hebu shika, uzungushe."

Bi Paa akainua ukwato. Ukateleza, chwii! Akajaribu tena. Chwii! Nungunungu akalitazama gogo na ile alama ya meno yake, akaona aibu.

"Wewe unaweza nini, Bi Paa?"

"Kuvuta kwa meno naweza. Lakini kitu kizito siwezi."

Basi Nungunungu akashusha jiwe kwa kamba mpaka majini, akapima kina. Akapima shingo ya Bi Paa. Akang'oa mwiba, akaketi mchangani, akachora. Akafuta. Akachora. Akafuta. Siku mbili!

"Kata, fundi, kata!"

"Bado."

Mwishowe akapata. Gogo lilale juu ya mwamba wa ukingoni, lipande na kushuka. Ncha moja kibuyu kwenye kamba, ncha ya pili jiwe. Bi Paa avute chini kibuyu kitupu, na jiwe ndilo lipandishe maji.

Akatengeneza kidogo kwanza, kwa kijiti, gamba la konokono na kokoto. Kokoto ikawa nyepesi, gamba likabaki chini. Akatia kokoto kubwa. Kacha! Kijiti kikavunjika upande mwembamba.

Ngedere akacheka mpaka akaanguka. "Fundi wa vijiti!"

"Afadhali kijiti," akasema Nungunungu. "Hata kwenye gogo nilitaka jiwe likae ncha nyembamba." Akachukua kijiti kingine, akaweka kokoto upande mnene. Gamba likapanda na maji yake, tulii.

Asubuhi iliyofuata hapakuwa na umande kabisa. Mtoto wa Bi Paa hakuamka kunyonya. Wengine walikuwa wameshaondoka. Nungunungu akalikimbilia gogo. Akakata. Kwaru, kwaru, kwaru, mpaka jua la utosi. Wakalibingirisha gogo juu ya mwamba, Kobe akasukuma jiwe hadi ncha nene. Kibuyu kikafungwa. Bi Paa akauma kamba, akavuta. Kibuyu kikashuka, chubwi! Akaachia. Kikapanda chenyewe, kimejaa. Bi Paa akanywa, akamlowesha mtoto midomo, akamimina yaliyobaki katika shimo la mwambani, akavuta tena.

Jioni wenye nguvu wakarudi wamechoka, wakakuta shimo la mwambani limejaa maji. Nyati akanywa, glu glu glu.

"Nani kanivutia maji yote haya?"

"Mimi," akasema Bi Paa. Mtoto alikuwa chini ya tumbo lake, ananyonya.

Nyati akatazama vile vikwato vidogo. Akaacha kunywa. Akasogea pembeni, akasema, "Anza wewe, mama."

Basi wanangu, na nyie wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: kabla hujakata, muulize atakayekitumia, kisha ujaribu kwa kidogo. Hadithi yangu imekomea hapo, nami nanyanyuka.