Chuma Kilichojipasha Moto

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu, umeme ulikuwa umeshapanda mlimani. Walikuwapo ndugu wawili wahunzi, Senkoro na mdogo wake Mbonea, pamoja na shemeji yao Nakijwa, mjane wa ndugu yao wa tatu. Wanaume walifua chuma kama baba zao. Nakijwa alizungusha koili, yaani mizunguko ya waya wa shaba, kazi aliyofundishwa na marehemu mumewe. Sogeeni, na mwenye hamu ya kucheka aende kwingine, maana hadithi hii haina kicheko.

Zahanati ya kule ilikuwa na kitanda kimoja cha joto, cha watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Umeme wake ulitoka kwenye mtambo wa maji mtoni, nao ulikuwa umeme wa vurugu, mara juu, mara chini. Kwa hiyo katikati iliwekwa choki: waya wa shaba uliozungushwa kwenye chuma, wa kuutuliza umeme kabla haujafika kitandani. Msimu wa baridi choki ikafa. Nesi akaja mbio kwa wahunzi.

"Ndugu zangu, nitengenezeeni nyingine. Jirani yenu Namsifu ameshikwa na uchungu, na mimba yake ni ya miezi saba."

Sasa tegeni masikio. Chuma cha choki hakiwi kipande kimoja. Ni mabati membamba yaliyopangwa, na kila bati limepakwa vanishi lisigusane na jingine. Kwa nini? Kwa sababu umeme wa kule mtoni ukipita kwenye shaba, ndani ya chuma nako huzuka umeme mwingine, unazunguka papo hapo kama uji unaokorogwa. Hauendi popote, haufanyi kazi ya mtu, unakipasha chuma moto tu. Ukikigawa chuma vipande vyembamba, vanishi katikati, umeme ule hukosa pa kuzungukia. Marehemu alimweleza mkewe hayo. Ndugu zake pia aliwaeleza, wakamwona mtu wa maneno mengi.

Senkoro akayafungua mabati ya choki iliyokufa. Akayaona ya kahawia, akadhani kutu. Na bwana huyu tangu azaliwe hajatoa mkononi mwake chuma kisichong'aa. Akayasugua kwa mchanga, moja moja, mabati sitini, mpaka ukijitazama unahesabu meno yako. Vanishi yote ikaisha.

Mbonea akayapokea, akayapanga, akayatikisa. Yakalia. Kwa mhunzi chuma kinacholia ni chuma kilichopasuka, nayo ni aibu ya ukoo. Akayachomelea pembeni, huku na huku, mpaka yakawa gogo moja.

Nakijwa alikuwa amempeleka Namsifu zahanati. Aliporudi akakuta gogo. Akaketi chini.

"Shemeji zangu, mmefanya nini?"

"Tumekupa chuma kizuri, shemeji."

Akawaeleza, na safari hii wakasikia. Lakini kuyakata mabati mapya, kuyapaka, kuyakausha kwa ukungu ule, ni kazi ya siku kumi na mbili. Na mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike, uzito wake haumshindi kuku. Nakijwa akazungusha shaba kwenye gogo lile lile, akalipeleka. Kitanda kikapata joto.

Akamwambia Namsifu, "Mdogo wangu, chuma hiki kinajipasha moto chenyewe. Asubuhi, mchana na jioni kizime, kipoe. Wakati huo mtoto mbebe kifuani. Usisahau hata mara moja."

Namsifu hakusahau. Siku ya kwanza hakusahau, ya pili hakusahau, ya tisa hakusahau. Mtoto akapewa jina la bibi yake, Nangasu. Akaanza kunyonya, akawa anashika kidole cha mama yake. Na Nakijwa kule nyumbani alikuwa anakata mabati mapya, anapaka, anapuliza, anapaka tena.

Siku ya kumi, mchana, choki ikafuka moshi. Shaba ikaungua. Kitanda kikapoa, na nje ukungu ulikuwa mzito. Namsifu akamweka mwanawe kifuani, nesi akaleta makaa. Nakijwa alifika anakimbia, mikono mitupu, vidole vimejaa vanishi mbichi. Akamkuta Namsifu anambembeleza mtoto asiyesikia tena. Inaniuma kulisema hili, hata leo inaniuma.

Ukoo ule una sheria. Kitu walichokitengeneza kikiua, nyundo moja huzikwa pamoja na marehemu, na mwenye nyundo hashiki chuma tena maisha yake yote. Moja tu, ili kiwanda kisife. Kesho yake wakakutana kaburini.

Senkoro akasema, "Mimi nilisugua. Lakini yangebaki vipande, joto lisingefika huko. Mbonea ndiye aliyeyafanya gogo."

Mbonea akasema, "Mimi nilichomelea. Lakini nilichomelea pembeni tu. Vanishi ingekuwapo, ndani yangebaki mbalimbali. Kaka ndiye aliyeivua."

Nakijwa akasema, "Hawa hawakujua. Mimi nilijua, nikakipeleka. Niliona heri siku chache kuliko kukosa hata moja. Na jana sikwenda kukikagua, nilikuwa napaka vanishi." Akaiweka nyundo yake ndogo kwenye udongo.

Ndipo Namsifu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mnagombania nini, ndugu zangu? Jana mchana sikukizima. Alikuwa amelala usingizi mzuri, wa kwanza tangu azaliwe. Nilimwonea huruma kumwamsha. Kosa ni langu, na mimi sina nyundo."

Senkoro akalia kama mtoto, akaiweka nyundo yake juu ya udongo. Mbonea akaweka ya kwake. Nyundo zikawa tatu, na kaburi ni moja, dogo.

Wakati huohuo nesi akatuma mtu: mwanamke mwingine ameletwa, mimba haijatimia. Mabati mapya yalikuwa bado hayajakauka, na mlima mzima hakuna ajuaye kuyazungushia shaba ila Nakijwa.

Ukoo ukasema, "Namsifu, wewe ndiye uliyefiwa. Chagua."

Namsifu akazitazama nyundo zile tatu, akanyoosha mkono, akaurudisha. Akanyoosha tena, akaurudisha.

Haya, ninyi mlioketi hapa mkilengwa na machozi, msaidieni mama wa watu. Je, ni nyundo ya nani iliyostahili kushuka kaburini na Nangasu?